Kuboresha kitanda cha kufumia tepe: anza na mkazo, kasi itafuata

Mwaka wa kwanza nilipoanza kuuza tepe hapa Iringa, mama mmoja muuza vikapu wa Ipogolo alinijia karakana na kikapu cha milulu mkononi. Utepe wangu ulikuwa umeshonwa mdomoni mwa kikapu. Akakiweka mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Hebu niambie, hiki ni kikapu au sufuria iliyokanyagwa na gari?"

Nikakitazama. Mdomo wote ulikuwa na mawimbi. Sehemu moja utepe umebana hadi milulu imeingia ndani, sehemu nyingine umelegea na kuning'inia kama ulimi wa mbwa. Nikasingizia uzi, kwamba siku hizi wanatuletea uzi mbaya. Uzi haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimetumia akiba yangu yote kukifanya kitanda kifume tepe 4 kwa wakati mmoja, lakini mitande yote 4 nikaifungia kwenye rola moja. Nikawa natoa utepe mbovu mara 4 kwa kasi zaidi.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeufuata leo kama ningeanza upya. Ni kwa mwenye kitanda cha mbao cha vikanyagio, wa kujitengenezea au wa kununua, anayetaka kukiboresha kwa vipande vya baiskeli, mabomba ya plastiki na seremala mvumilivu. Vipimo ninavyotoa ni vya utepe wa sentimita 2.5, wenye nyuzi 60 za mtande wa pamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Utepe wako ukiwa mpana zaidi au uzi mnene zaidi, hesabu ni zile zile, badilisha tarakimu tu.

Majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Mtande ni nyuzi za urefu. Mshindio ni uzi unaopita kulia na kushoto. Vitanzi ni vile vinavyoinua na kushusha mtande ukikanyaga, na uwazi unaotokea hapo katikati naita mdomo. Shato ni kichombo cha mbao kinachobeba mshindio. Kitana ni meno yanayotenganisha mtande na kupiga mshindio ukae mahali pake, na fremu inayokibeba naita fremu ya kupigia.

Kabla ya kugusa chochote: pima

Fuma mita 2 kwa kitanda kama kilivyo leo. Ukate utepe, uache mezani usiku mzima bila kuuvuta, asubuhi upime. Kila baada ya sentimita 20 pima upana, kisha hesabu mishindio iliyomo ndani ya sentimita 1. Andika kwenye daftari. Andika pia nyuzi zilizokatika mara ngapi kwa saa.

Wangu wa kwanza ulikuwa na mishindio 6 sehemu moja na 11 sehemu nyingine, kwenye utepe ule ule. Ukishaona tarakimu kama hizo huna tena sababu ya kulaumu uzi.

Hatua ya kwanza: kila utepe na mzigo wake

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mitande 4 ikiwa kwenye rola moja, utepe unaokula mtande haraka unabana na unaokula polepole unalegea. Hata ukijitahidi vipi wakati wa kutanda, baada ya mita 3 au 4 tofauti itajitokeza. Halafu kuna tatizo la pili ambalo wengi hawalioni: ukizuia rola kwa breki ya kamba, mkazo unaongezeka kadiri mtande unavyopungua. Breki inazuia kwa nguvu ile ile, ila rola imekuwa nyembamba, kwa hiyo uzi unalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi ili kuizungusha. Utepe wa mwanzo wa mtande haufanani na wa mwisho.

Dawa ni chupa ya mchanga. Fanya hivi.

Kata vipande 4 vya bomba la plastiki la inchi 4, kila kimoja sentimita 5. Kila kipande kiwekee kuta mbili za plaiwudi. Hizo ndizo bobini kubwa za mtande, moja kwa kila utepe, zikae nyuma ya kitanda kwenye mhimili mmoja lakini kila moja izunguke peke yake. Toboa matundu pembeni mwa ukuta wa kila bobini, upate pa kuchomeka msumari wa kuizuia isizunguke.

Kutoka kwenye bobini, mtande upande juu ya kijiti kilicholainishwa kwa msasa, ushuke chini kama kamba ya bembea, kisha upande tena juu ya kijiti cha pili na kuingia kwenye vitanzi. Ndani ya hilo bembea weka kapi nyepesi yenye upana wa sentimita 3, na kwenye kapi ning'iniza chupa ya maji ya lita 1.5 iliyojazwa mchanga mkavu.

Mchanga mkavu kwenye chupa hiyo una uzito wa kama kilo 2.4. Kwa kuwa kapi imeshikwa na mtande pande mbili, kila upande unabeba nusu, yaani kilo 1.2. Gawanya kwa nyuzi 60, kila uzi unavutwa kwa gramu 20. Kwa pamba ya aina hii ni mwanzo mzuri. Nyuzi zikikatika mno, punguza mchanga. Mdomo ukifunguka na baadhi ya nyuzi zinabaki zimelegea katikati, ongeza. Usikadirie kwa macho: pima chupa kwa mizani ya dukani, zote 4, mpaka zilingane.

Unapofuma, chupa inapanda. Ikiwa na nafasi ya kushuka sentimita 60, umepata mtande wa sentimita 120 kabla ya kusimama. Chupa ikifika juu, chomoa msumari, legeza bobini mpaka chupa ishuke, chomeka tena. Mzigo haubadiliki hata bobini ikibaki na mizunguko miwili tu.

Kitu kimoja chupa haiwezi kukitibu: nyuzi zisizolingana ndani ya utepe mmoja. Kama ulipotanda uzi wa 14 ulikuwa umelegea kuliko wa 15, utabaki hivyo hadi mwisho. Tanda nyuzi 60 kwa mkono mmoja, siku moja, bila kumwachia mtoto amalizie.

Ukifika hapa, fuma tena mita 2 na upime kabla ya kuendelea. Kwangu upana ulitulia hapo hapo, ingawa idadi ya mishindio ilikuwa bado inacheza.

Hatua ya pili: rola inayovuta utepe yenyewe

Mishindio inacheza kwa sababu unafuma sentimita 8 au 10, unasimama, unazungusha rola kwa mkono, unaendelea. Kila unapokaribia kusimama, kitana kinapiga kwa pembe tofauti. Na mkono wa asubuhi si mkono wa saa kumi jioni.

Tunataka kila pigo moja la kitana lisogeze utepe kiasi kile kile. Utahitaji rola ya kuvuta, gurudumu la meno, vilimi viwili (vipande vya kusukuma na kuzuia meno) na cheni ya baiskeli.

Rola: chukua bomba la plastiki la milimita 63, lijaze mti ndani lisipinde, livike msasa kwa nje. Linakuwa na kipenyo cha kama sentimita 6.4, na mzunguko wake ni sentimita 20.1. Utepe upite juu ya msasa, uzunguke zaidi ya nusu ya rola, ubanwe na kijiti chenye mpira, kisha udondoke kwenye kikapu. Usiukunje utepe kwenye rola hiyo hiyo inayovuta. Ukiukunja hapo, rola inanenepa, kila jino linavuta zaidi, na mishindio inazidi kuachana bila wewe kujua.

Gurudumu la meno: bamba la chuma la milimita 4, kipenyo sentimita 11.5, meno 60. Ukiwa huna mashine ya kukatia, chora duara, ligawe mara 6 kwa bikari bila kubadilisha upana wake, gawa kila kipande mara 2, halafu kila kimoja mara 5 kwa kipimapembe, digrii 6 kwa jino. Kata kwa msumeno wa chuma, malizia kwa tupa. Ni kazi ya siku nzima na vidole vitauma. Fundi wa kuchomelea mwenye grinda atakwambia anaweza kukata kwa saa moja. Anaweza, ila meno hayatalingana.

Gurudumu hili likifungwa moja kwa moja kwenye rola, jino moja lingevuta milimita 3.35, ambayo ni nyingi mno. Kwa hiyo lifunge kwenye mhimili wa pembeni pamoja na gia ndogo ya baiskeli ya meno 16, kisha cheni iende kwenye gia kubwa ya meno 44 iliyofungwa kwenye rola. Sasa hesabu ni hii: 20.1 gawanya kwa 60, zidisha kwa 16, gawanya kwa 44. Unapata sentimita 0.122, yaani milimita 1.22 kwa kila pigo, sawa na mishindio 8.2 kwa sentimita. Ukiweka gia ndogo ya meno 18 unapata mishindio 7.3, na ya meno 14 unapata 9.4. Nina gia tatu zinaning'inia ukutani, na mteja akitaka utepe mgumu au laini nabadilisha gia tu.

Gia ndogo ya baiskeli kwa kawaida ni frihwili, ambayo inashika upande mmoja na kuzunguka bure upande mwingine. Nilijifanya mjanja nikaitumia yenyewe badala ya gurudumu la meno, maana ndani yake tayari ina vilimi. Haikufaa. Meno yake ya ndani ni machache, kwa hiyo pigo moja lilivuta, mawili yakapita bure, la nne likavuta kwa kishindo. Ichomelee iwe kitu kimoja. Ila kabla ya kuipeleka kwa mchomeleaji ifungue, toa grisi yote, ioshe kwa mafuta ya taa na uikaushe juani hadi isinuke. Grisi na mafuta vikikutana na moto wa kuchomelea vitawaka usoni mwa fundi.

Vilimi ni viwili. Cha kwanza kinafungwa kwenye mkono unaotoka kwenye fremu ya kupigia, kinasukuma jino moja kila fremu inaporudi nyuma. Cha pili kinafungwa kwenye mwili wa kitanda na kazi yake ni kuzuia gurudumu lisirudi. Jino lina milimita 6, hivyo kilimi cha kusukuma kisafiri milimita 8 au 9: chini ya 6 hakitashika jino, juu ya 12 kitaruka mawili. Mahali pa bolti kwenye ule mkono toboa tundu refu, si la duara, upate kurekebisha. Kila kilimi kivutwe chini na kipande cha tyubu ya baiskeli.

Ukikuta kitana kinagonga na utepe wenyewe unaruka mbele nyuma kwa kila pigo, gia inataka mishindio mingi kuliko mkazo unavyoweza kubeba. Ongeza mchanga au ile gia ndogo ibadilishe kwa yenye meno mengi zaidi. Usiongeze nguvu za mkono.

Hatua ya tatu: shato 4 kwa msukumo mmoja

Sasa ndiyo kasi. Watu hudhani ufumaji wa haraka ulianza na shato ya kurusha ya John Kay, Mwingereza, mwaka 1733. Vitanda vya kufuma tepe nyingi kwa pamoja vilikuwepo Ulaya zaidi ya miaka 100 kabla yake, na wafumaji wa mkono waliviogopa hasa: mwaka 1685 vilipigwa marufuku katika nchi za Kijerumani kwa amri ya mfalme mkuu wao. Siri yake ni fupi. Shato hairushwi kutoka mwisho mmoja wa kitanda hadi mwingine. Kila utepe una shato yake, na kila shato inasafiri sentimita chache tu kutoka nyumba moja, yaani kisanduku inamokaa, hadi nyumba ya jirani.

Kwa tepe 4 unahitaji nyumba 5 kwenye fremu ya kupigia, na mianya 4 katikati yake ambamo mtande unapita. Shato zikiwa kushoto, nyumba ya mwisho kulia iko tupu. Zikihamia kulia, ya kwanza kushoto inabaki tupu. Shato iwe na sentimita 9, nyumba sentimita 10, mwanya sentimita 4. Jumla ni sentimita 66. Kanuni isiyovunjwa: shato iwe ndefu zaidi ya mara mbili ya mwanya, ili pua yake iwe imeshaingia nyumba ya pili kabla mkia haujatoka ya kwanza. Shato fupi inainama ndani ya mdomo na kuchana mtande.

Kinachosukuma ni kitu kama ngazi iliyolazwa: ubao mwembamba unaoteleza kulia na kushoto mbele ya nyumba, wenye vijiti vinavyoingia ndani ya kila nyumba, kimoja kila upande wa shato. Ukivuta ngazi kulia, kila kijiti kinagonga mkia wa shato yake, zote 4 zinavuka pamoja. Kijiti kinaishia ukingoni mwa mwanya na shato inamalizia safari kwa mwendo wake wenyewe, kwa hiyo msukumo uwe wa haraka na mfupi. Mwisho wa kila nyumba bandika kipande cha ngozi ya kiatu kuukuu, shato isirudi kwa kugonga. Mashine za kiwandani za karne ya 19 zilitumia meno chini ya shato na vigurudumu vya kuyazungusha, ambavyo haviachi shato hata kidogo. Ukiwa na fundi wa kutegemewa mwenye mashine ya kukata gia, fanya hivyo. Mimi nimebaki na ngazi.

Halafu weka kufuli, na usiliache kwa ajili ya kesho. Nilipokuwa sina, siku moja nilivuta ngazi mguu ukiwa bado haujamaliza kukanyaga. Mdomo ulikuwa nusu. Shato zote 4 ziliingia katikati ya nyuzi na kukwama, nami kwa hasira nikapiga kitana juu yake. Niliunga nyuzi mpaka taa za jirani zikazimwa. Kufuli ni kijiti tu chenye springi: kinaingia kwenye tundu la ngazi na kuizuia, na kinachomolewa na fremu yenyewe inapofika nyuma kabisa, wakati ambapo mdomo umefunguka wote. Mkono ukiwahi, ngazi inagoma.

Ndani ya shato, mshindio nao unahitaji kushikwa. Shato inapoanza kurudi, uzi ulio nje ya utepe unalegea kwa muda, na uzi uliosokotwa sana hujinyonga hapo hapo na kuacha mikunjo midogo ukingoni. Springi ya kalamu ya biki, ikiibana bobini ndogo kwa pembeni, inatosha. Vuta uzi kwa mkono: bobini izunguke bila kusita, lakini ukiacha kuvuta isimame mara moja. Springi zote 4 zilingane, la sivyo utepe mmoja utakuwa mwembamba kuliko wenzake na utabaki ukijiuliza kwa nini.

Kuhusu mbao. Paini ya Sao Hill inafaa kwa mwili wa kitanda, mradi iwe imekauka. Ukinunua mbichi Mafinga, ipange kivulini na vijiti katikati yake na usubiri. Shato, vijiti vya ngazi na kila kinachoteleza kiwe cha mti mgumu, mninga ukipatikana. Usipake mafuta, yatafika kwenye uzi. Sugua nta ya mshumaa.

Kujaribu

Fuma mita 5 kwa kila utepe. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uanike kivulini, kisha uulaze sakafuni kando ya uzi ulionyooshwa. Ukipinda upande mmoja kama ndizi, nyuzi za upande mmoja zinavutwa zaidi: angalia kama kapi imekaa mshazari au kitana hakijanyooka. Ukiwa na mawimbi kingo zote mbili huku katikati umenyooka, nyuzi za kingo zilitandwa zikiwa zimelegea. Ukipungua upana taratibu kuelekea mwisho, springi ya shato inabana zaidi bobini inavyopungua. Mishindio ikiachana ghafla mara moja moja, kilimi kinaruka jino, kaza ile tyubu.

Kila kosa litibu peke yake na ufume tena nusu mita kabla ya kugusa kingine. Ukirekebisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Kitanda nilichokijenga Septemba, Iringa ikiwa kavu hadi midomo inapasuka, kilikwama wiki ya pili ya mvua: mbao zilikuwa zimevimba na ngazi haiendi. Siku hizi naacha nafasi ya milimita 1 pande zote za ngazi, na aliye Tukuyu au Njombe, kwenye unyevu zaidi, aache 1.5. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza kunyesha sawasawa, fungua ngazi, pitisha msasa sehemu zinazong'aa kwa kusuguana, paka nta upya, na pima tena zile chupa, maana kama hukukaza vifuniko mchanga nao unanyonya unyevu na kuongezeka uzito.